Kuinua usukani wa pikipiki ya safari: mwongozo kamili, kuanzia kipimo cha mwili hadi boliti ya mwisho

Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Kwa pikipiki kubwa ya safari huo si mwendo wa kumchosha mtu. Lakini miaka yangu miwili ya kwanza na Suzuki V-Strom 650, kila nikifika Morogoro nilishuka vidole vimekunjamana kama mtu aliyetoka kufua mablanketi. Viganja vina ganzi, shingo imekaza, katikati ya mabega panawaka moto. Nikalaumu kiti, nikalaumu umri, nikanunua glavu nene. Kumbe shida ilikuwa usukani. Ulikuwa chini na mbali mno kwa mwili wangu, kwa hiyo nusu ya kiwiliwili ilikuwa inaegemea viganja safari nzima.

Usukani wa pikipiki hiyo nimeubadilisha mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea vibaya, na kosa lenyewe nitalieleza mbele kwa sababu ndilo wanalofanya wengi. Usukani ni bomba lililokunjwa tu, na kulifunga ni kazi ya saa moja. Kazi yenyewe iko kwenye vitu vilivyoufuata: waya wa klachi, nyaya za mafuta (zile zinazovutwa ukizungusha gripu ya kulia kuongeza mwendo), paipu ya breki na nyaya za swichi. Hivyo ndivyo vinavyoamua usukani upande kiasi gani, wewe unapendekeza tu.

Anza na mwili

Vaa jaketi unalosafiria, lile lenye kinga za viwiko, maana hubadilisha namna mikono inavyokunja. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa. Kama haina, mwombe mtu aishike kwa nyuma. Kaa pale unapokaa ukiwa umeshachoka, usikae pale unapokaa kwa ajili ya picha. Funga macho, acha mikono ining'inie, tikisa mabega mara mbili, kisha inyanyue mbele kama mtu anayeshika usukani. Iache isimame yenyewe mahali inapotaka.

Sasa mwenzako apime kwa rula vitu viwili: ngumi zako ziko juu ya gripu kwa kiasi gani, na ziko nyuma yake kwa kiasi gani. Rudieni mara tatu. Kwangu ilitoka milimita 35 juu na milimita 40 nyuma. Hiyo namba ya pili sikuitilia maanani mara ya kwanza, na pesa ikapotea hapo.

Kabla ya kununua chochote, chukua mpini wa fagio, ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye miguu ya vioo vya pembeni, uushushe au uupandishe mpaka ufike pale ngumi zako zilipopimwa. Kaa ushike mpini huo dakika 20 huku ukitazama mpira kwenye simu. Majirani watacheka, waache. Dakika 20 zinatosha mabega kukwambia kama umepandisha mno, kwa sababu usukani uliopanda kupita kiasi nao unaumiza. Mikono ikibaki imeinuliwa, damu haifiki vizuri vidoleni na mabega yanachoka. Halafu mgongo ukiwa wima kabisa kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye kiuno, na kifua kinageuka tanga la jahazi mara tu unapofika kilomita 100 kwa saa. Unachotafuta ni viwiko vilivyokunjika kidogo, mabega yaliyoshuka, na mgongo ulioinama mbele kwa kiasi cha mtu anayekula mezani.

Vipimo vya usukani na njia tatu za kuupandisha

Usukani una vipimo vinne vinavyokuhusu. Unene wa bomba pale linapobanwa katikati: pikipiki nyingi za Kijapani ni milimita 22, zile za mtindo wa Harley-Davidson ni inchi moja, yaani milimita 25.4, na zile za aluminiamu zilizonenepa katikati ni milimita 28.6. Ukinunua wa unene tofauti na vibano vyako, hauingii, au unaingia na kucheza, jambo ambalo ni baya zaidi. Halafu kuna upana kutoka ncha hadi ncha, kimo kutoka kwenye vibano hadi kwenye gripu, na kiasi cha kurudi nyuma. Ulaze usukani wako wa zamani sakafuni, uupime hivyo vyote, uandike. Ukienda Kariakoo na karatasi yenye namba nne utahudumiwa tofauti na anayesema "nataka mrefu kidogo".

Njia ya kwanza ya kuupandisha ni raiza, yaani vipande vya chuma vinavyokaa chini ya usukani uleule na kuunyanyua. Ni rahisi na unaweza kuzitoa siku yoyote. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba mhimili wa usukani haukusimama wima, umelala nyuma. Kwenye V-Strom umelala karibu nyuzi 26. Raiza ya milimita 30 ikifuata mhimili huo inakupa kama milimita 27 za kupanda na 13 za kurudi nyuma. Ikiwa kipimo chako kinakaribiana na hapo, simama hapohapo, usitafute makubwa.

Njia ya pili ni usukani mpya wenye kimo na mkunjo tofauti. Hii ndiyo ya mtu kama mimi anayehitaji kurudi nyuma kuliko kupanda. Njia ya tatu ni kuweka vyote viwili, raiza na usukani mrefu. Sikushauri. Raiza ndefu chini ya usukani mrefu huongeza mtikisiko, na boliti zinazoshika raiza zinabeba nguvu ambayo hazikutengenezewa.

Jaribio la mbao, kabla hujatoa shilingi

Hapa nikuombe usiruke. Funika tanki kwa blanketi, legeza boliti nne za vibano, toa vibano vya juu, na unyanyue usukani ukiwa na kila kitu chake: swichi, mikono ya klachi na breki, waya zote. Chini yake weka vipande vya mbao vya unene uleule unaotaka kupandisha, tuseme milimita 35. Mtu aushike pale, nawe uzungushe shokapu za mbele hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Angalia kila waya kwa zamu. Upi umenyooka kama uzi wa gitaa? Upi umebanwa kati ya shokapu na fremu? Paipu ya breki bado ina mkunjo, au imekaza pale inapotoka kwenye masta, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani?

Kisha rudia usukani ukiwa umevutwa nyuma kwa kipimo chako cha pili. Kurudi nyuma kunaweza kukurudishia ulegevu uliopotea kwa kupanda, au kukatia mbali zaidi, inategemea waya zimepitia wapi. Kwa pikipiki nyingi, hadi kama milimita 25 au 30 za kupanda unaweza kumaliza kwa kupitisha waya njia nyingine: kutoa klipu moja, kuuhamisha waya wa klachi kutoka upande wa nje wa shokapu kuja ndani. Ukifika milimita 50 na kuendelea, jiandae kununua waya mpya.

Mimi mara ya kwanza sikufanya jaribio hili. Nilinunua usukani mrefu kwa macho, nikaufunga, waya zikafika, nikafurahi. Pale uani nilizungusha usukani kulia na kushoto injini ikiwa imezimwa, nikaona sawa. Kesho yake nikiwa kwenye kituo cha mafuta Chalinze nimeshajaza, nikakata kona kamili kushoto ili nitoke kwenye pampu. Injini ikanguruma yenyewe. Sikuwa nimegusa mafuta. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi, na kugeuka kushoto kuliuvuta kama mkono wangu ungeuvuta. Klachi ilikuwa nusu, pikipiki ikaruka mbele, kijana wa pampu akaruka pembeni na mkono wa pampu bado anao, nami nikabana klachi kwa bahati tu, gurudumu la mbele likiwa limeshagusa ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Nilirudi Dar polepole, nikikata kona za kushoto kwa wasiwasi kama mtu anayebeba mayai.

Waya wa klachi ukiwa mfupi madhara yake ni ya kimya zaidi. Klachi inabaki imevutwa kidogo muda wote, sahani zinateleza na kuungua, na utajua siku unapopanda mlima wa Kitonga na mzigo.

Waya ndefu na paipu ya breki

Kwa waya wa klachi na wa mafuta, njia bora ni kununua waya wa mfano wa pikipiki yako ulioongezwa urefu. Wapo watengenezaji wanaouza ulioongezwa milimita 50, 100 na kadhalika. Ikishindikana, mafundi wa waya wapo, nao hukata waya mpya na kuuchomelea vichwa. Ukienda kwao, kumbuka kwamba waya una vitu viwili, uzi wa ndani na ganda la nje. Vyote viongezwe kwa kiasi kilekile. Ukiongeza uzi bila ganda, utapata waya mlegevu usiovuta. Ukiongeza ganda bila uzi, klachi haitarudi. Na kichwa kichomelewe, kisibanwe kwa koleo. Nyaya za mafuta kwenye pikipiki nyingi kubwa ni mbili, wa kufungua na wa kufunga. Badilisha zote mbili.

Paipu ya breki ni jambo jingine kabisa. Haiungwi katikati. Hata ukimpata fundi anayesema ameshaunga kumi, msikilize kwa adabu na uondoke. Kuna maduka yanayotengeneza paipu za haidroliki za matrekta na mashine za ujenzi, na wana mashine nzuri ya kubana vichwa. Lakini mpira wa paipu nyingi za namna hiyo umetengenezwa kwa mafuta ya madini, na mafuta ya breki ya DOT 4 si ya madini. Mpira usiofaa huvimba na kulainika ndani, na hutaona kitu kwa nje. Agiza paipu ya breki hasa, ile yenye tyubu ya teflon ndani na wavu wa chuma nje, kwa urefu uliopima. Kupima ni rahisi: pitisha kamba ya kiatu njia ileile itakayopita paipu, usukani mpya ukiwa mahali pake na umekata kona kamili upande wa mbali, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya mkunjo laini.

Nyaya za swichi mara nyingi zina ulegevu uliofichwa ndani ya kava la taa ya mbele au chini ya tanki. Fungua klipu uuvute taratibu. Ukikosa kabisa, tafuta waya wa kuongezea wenye soketi zilezile. Kukata na kuunga kwa selotepu pale penye kugeuka kila siku ni kujitafutia siku ya kusukuma pikipiki usiku.

Vifaa

Alenki za milimita, hasa ya 5 na ya 6. Spana za 8, 10, 12 na 14. Bisibisi za nyota, na hapa niseme jambo. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina nyota inayotofautiana kidogo na ile ya kawaida, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuilamba skrubu mpaka iwe duara. Tafuta bisibisi ya Kijapani, au walau ile inayoingia hadi mwisho bila kucheza, uikandamize kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Spana ya kupimia nguvu azima kama huna. Spiriti, matambara, blanketi, ndoo ya maji karibu, tai za plastiki, drili yenye ncha kali, mafuta ya breki kwenye chupa mpya isiyofunguliwa, washa mpya za shaba nyekundu, na mpira mwembamba wa uwazi wa kutolea upepo.

Kuvua

Piga picha nyingi kwanza, kila waya unapopita, pande zote mbili. Chomoa waya wa negativu wa betri. Usukani uwe umenyooka, na kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki kikae mlalo muda wote wa kazi.

Toa vioo. Angalizo kwa wenye Yamaha: kioo cha kulia kwenye mifano mingi kina meno ya kinyume, kwa hiyo ukikaza ukidhani unafungua utavunja. Toa vizito vya ncha za usukani. Skrubu zake mara nyingi zimetiwa gundi kiwandani. Ukiona zinagoma, zipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache. Usizibomoe.

Gripu ya kushoto imegandishwa. Ingiza bisibisi nyembamba butu chini ya ukingo wake, mimina spiriti kidogo, zungusha bisibisi kuzunguka bomba, kisha ipindue gripu huku ukiivuta. Ukiwa na kompresa, puliza hewa chini ya ukingo na itaelea yenyewe kama mkate juu ya maji. Ya kulia iache kwenye kikombe chake, itatoka pamoja na mkono wa mafuta.

Fungua swichi, kila moja ina skrubu mbili, na ukumbuke ndefu ilikaa wapi na fupi wapi. Legeza marekebisho ya waya wa klachi yote, juu na chini, ndipo kichwa chake kitoke kwenye mkono. Masta ya breki itoe ikiwa nzima na paipu yake kama hubadilishi paipu, uifunge kwa kamba kwenye mguu wa kioo cha upepo, ikiwa wima. Ikipinduka, upepo unaingia, na kazi ya saa moja inakuwa ya jioni nzima. Sasa fungua vibano na utoe bomba.

Kufunga

Safisha vibano kwa spiriti. Mafuta au vumbi la kutu pale litafanya usukani uteleze siku utakayopiga breki ya ghafla. Weka usukani mpya. Ukiwa na alama ya nukta au mistari, ilinganishe na ukingo wa kibano. Bila alama, pima ncha zote mbili kutoka sehemu moja ya fremu ili zilingane.

Kaza boliti kwa vidole, kaa juu ya pikipiki, funga macho, rudia lile zoezi la mwanzo. Zungusha usukani mbele na nyuma kidogo mpaka mikono itue juu ya gripu bila kutafuta. Watu wengi huzungusha usukani nyuma sana ili wapate ukaribu. Hapo gripu zinaelekea chini na kifundo cha mkono kinakunjika kama cha mtu anayekamua nguo. Kama umelazimika kufanya hivyo, umenunua mkunjo usio wako.

Nafasi kati ya kibano cha juu na cha chini hutofautiana. Watengenezaji wengine wanataka mbele ikutane kwanza na nyuma ibaki wazi, wengine wanataka mwanya sawa pande zote. Kitabu cha pikipiki yako kinasema, na mara nyingi kuna nukta kwenye kibano inayotakiwa kuelekea mbele. Boliti za milimita 8 za vibano hivi huishia kati ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 na 28 kwenye pikipiki nyingi. Fuata namba ya kitabu, ukaze kwa kupishana, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Aluminiamu haina msamaha: boliti ikila meno kwenye kibano cha juu ya shokapu, unanunua kitu kikubwa kuliko usukani.

Rudisha swichi. Ndani ya kasha la swichi kuna kipini kidogo, kama punje ya mchele iliyosimama, kinachoingia kwenye tundu la usukani. Ndicho kinachozuia swichi isizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna tundu hilo, na hapa ndipo mafundi wengi huchukua mkasi au tupa na kukikata. Mimi nilikatiwa hivyo na fundi mmoja, na miezi miwili baadaye swichi ya kulia ilianza kuzunguka pamoja na mafuta, ikivuta nyaya zake. Toboa tundu. Lakini litoboe mwisho kabisa, baada ya kukaa na kuhakikisha kila kitu kipo mahali pake. Weka alama kwa kupaka kipini rangi ya kucha na kukibana palepale, gonga nukta kwa msumari, anza na ncha nyembamba ya drili, malizia na ile inayolingana na kipini. Soma karatasi ya usukani kwanza, maana baadhi ya watengenezaji wa aluminiamu wanakataza kutoboa. Kwa hao, zungushia utepe wa mpira mwembamba ndani ya kasha badala ya kipini, na uukague mara kwa mara.

Mkono wa mafuta ukae na mwanya wa milimita mbili au tatu kabla ya kizito cha ncha. Ukigusana nacho, mafuta hayarudi yenyewe ukiachia, nawe umeshaelewa kutoka Chalinze hilo linaishia wapi. Mikono ya klachi na breki ielekeze ili vidole vikinyooka juu yake viendelee mstari wa mkono wako kutoka kwenye kiwiko. Usukani ukipanda, kwa kawaida mikono hiyo inatakiwa ishuke kidogo kuliko zamani. Gripu mpya ipake gundi yake, isukume kwa mkupuo mmoja, na iache usiku kucha.

Kutoa upepo kwenye breki

Kama hukugusa paipu, ruka sehemu hii. Kama umeibadilisha, kila kichwa cha paipu kinataka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande. Zile za zamani zimeshabonyea na zitavuja. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo tone likidondoka kwenye tanki mwaga maji papo hapo, usipanguse kwa kitambaa kikavu. Tumia DOT 4, au ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, hata namba ikionekana kubwa na bora.

Jaza chombo, weka mpira wa uwazi kwenye nipeli (kitundu cha kutolea upepo) ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, na mwisho wake uwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Bana breki polepole, fungua nipeli, mkono ushuke, funga nipeli, achia. Kwa mpangilio huo, kila mara, na chombo kisikauke hata mara moja. Kikikauka, unaanza upya. Povu la mwisho huwa linajificha kwenye kile kichwa cha paipu pale juu kabisa kwenye masta, kwa sababu ndipo palipo juu kuliko kote. Funika pale kwa tambara, legeza boliti ya kichwa hicho kidogo huku ukibana breki, sikia inavyotema, kaza kabla ya kuachia. Mkono ukiwa bado mlaini, ufunge kwa mpira wa tyubu ukiwa umebanwa na ulale. Asubuhi vipovu vidogo vitakuwa vimepanda vyenyewe. Pikipiki zenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukipiga breki, zinafuata njia hii hii ikiwa hukuruhusu upepo ufike kwenye kifaa cha ABS. Ukifika huko, mpelekee mwenye mashine ya kukiendesha.

Kabla ya kutoka getini

Rudisha betri. Washa injini, gia iwe huru, iache itulie, kisha kata kona kamili kushoto, kamili kulia, taratibu. Sikiliza. Sauti ikipanda hata kidogo, zima na utafute waya gani umevutwa. Fanya hivyohivyo ukiwa umekaa na uzito wako umeshusha shokapu, na tena gurudumu la mbele likiwa linaning'inia hewani. Mkono wa mafuta ukiuachia urudi wenyewe kwa mlio wa "tak" katika kila kona. Ulegevu wa mkono wa klachi kwenye ncha uwe kama milimita 10 hadi 15 kwa V-Strom, na wa mkono wa mafuta milimita 2 hadi 4. Kwa pikipiki nyingine angalia kitabu chake.

Jaribu honi, indiketa, taa, swichi ya kuzimia, na taa ya breki kutoka mkono wa mbele, ambayo wengi husahau kuchomeka. Kata kona kamili tena ukiwa umeshika gripu na glavu zako: vidole gumba vinabanwa kati ya swichi na tanki? Swichi inagusa kioo cha upepo? Kama mwanya haupo, usukani urudi mbele kidogo.

Barabarani

Siku ya kwanza zunguka mtaani kilomita kumi, si zaidi, rudi ukague boliti zote kwa spana ya kupimia. Utaona mbele pamekuwa pepesi, kwa sababu uzito wako umehamia nyuma. Kwenye kona utageuka kwa nguvu ndogo kuliko ulivyozoea. Hilo linapendeza mjini, lakini kwenye barabara ya wazi upepo wa pembeni au basi linalopishana nawe huchukua mwili ulio wima, na mwili huvuta usukani. Dawa ni kushika kwa ulegevu na kubana tanki kwa magoti. Ukiona pikipiki inayumba kwa mwendo ukiwa na masanduku yote, angalia upepo wa tairi na bearingi za usukani kabla ya kulaumu bomba jipya. Bomba huwa limefichua ugonjwa uliokuwepo. Na vioo virekebishe upya, maana sasa vinaonyesha viwiko.

Ukisha maliza kama kilomita mia moja, kagua boliti tena. Mimi huwa narudia tena nikifika Morogoro, alenki ya 6 iko mfuko wa jaketi, na mikono siku hizi inaishika bila shida. Mwanzoni mwa mbuga ya Mikumi, pale wanyama wanapokatiza na mwendo unapaswa kupungua, utajua haraka kama breki yako ina upepo, kwa hiyo ijaribu vizuri kabla hujaingia.

Usukani wa zamani, waya zake na paipu yake usivitupe wala usimpe fundi. Vifunge pamoja kwa tepu, andika juu yake mfano na mwaka wa pikipiki, uviweke uvunguni. Siku ukiiuza pikipiki, mnunuzi anaweza kuwa mfupi kuliko wewe.